Ndege ya Kumi na Nane

S.L.P. 417,
Kitengela.
9 Machi 2025.

Mpendwa kaka Mbuvi,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Rebecca na watoto mkiwa wazima, na kwamba ile baridi ya huko imeanza kupungua. Goti lako je, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Sisi huku tunaamka na tunalala. Mama anakula vizuri kuliko mwezi uliopita, ingawa bado anapika ugali wa watu watatu halafu anashangaa unapobaki. Mimi mwili wangu ni mzima. Mvua haijafika, na vumbi la hapa unalijua.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika kwenye karatasi wakati simu ipo. Nimeiweka barua hii juu kabisa ndani ya sanduku, juu ya zile ndege za mbao, kwa sababu nilitaka uisome kabla hujaanza kuhesabu. Ukihesabu utapata kumi na saba. Oda yenu ni kumi na nane. Tafadhali usinitumie marekebisho mengine kabla hujafika mwisho.

Mwezi wa nane ulipotuandikia kwamba kampuni yenu inanunua ndege mpya ya safari ndefu, na kwamba wakubwa wako wanataka mifano ya kuchongwa wawape wageni siku ya kuipokea, Baba hakutulia siku mbili. Miaka arobaini na tano alichonga twiga na viboko vya watalii asiowajua. Hakuna siku mtoto wake aliwahi kumwagiza kitu. Kila aliyepita langoni aliambiwa kwamba Mbuvi ameagiza ndege ishirini na nne. Jirani yetu Parmuat alimuuliza atazipaki wapi, na wakacheka mpaka mbuzi wa Parmuat wakala maharage ya Mama.

Ya kwanza, unakumbuka, aliichonga na injini nne. Kwake ndege kubwa ni ya injini nne, na ule mchoro wenu aliutazama kwa heshima tu kisha akaendelea na yake. Ukatuma marekebisho ya kwanza: injini ni mbili. Alisema hizo mbili zitachoka zikifika katikati ya bahari, lakini akatii.

Mwezi wa kumi na moja yakaja marekebisho ya pili. Kampuni ilikuwa imebadilisha oda yake kule kiwandani. Badala ya ndege ile ndefu walichukua ndugu yake mfupi, na ndege zenyewe hazikuwa nyingi kama walivyotangaza mwanzoni. Kwa hiyo mifano ishuke kutoka ishirini na nne hadi kumi na nane, urefu wa mwili ushuke kutoka sentimita sabini na nne hadi sitini na saba, na mabawa yabaki vilevile. Uliandika hivyo, mistari minne, bila hata kutuuliza hali.

Wakati huo kumi na moja zilikuwa zimekwisha, zimepigwa msasa na kupakwa nta. Nilimwambia Baba tukate kipande cha katikati tuunganishe na gundi, hakuna mtu atakayeona. Alinitazama kama nimemtukana. Unajua alivyofundishwa na babu kule Wamunyu: mti mmoja, kitu kimoja. Alizipanga zile kumi na moja kando ya ukuta, akachukua gogo jingine la jakaranda, akaanza upya.

Hapa kuna jambo ambalo sikukuambia kwenye simu. Baba alikuwa anakohoa tangu mwezi wa tisa. Mwezi wa kumi tulimpeleka Kajiado akapigwa picha ya kifua, na daktari akaongea nasi polepole sana, mpaka nikajua kabla hajamaliza. Tukiwa njiani kurudi Baba alinikataza nisikwambie. Alisema karatasi zako za kukaa huko hazijakamilika, ukitoka hutaruhusiwa kurudi, na ukijua utashindwa kufanya kazi. Kila ulipopiga simu alikunywa maji kwanza, akaongea na wewe dakika tatu, akanipa simu haraka kabla kikohozi hakijamshika. Wewe ukadhani anakuonea huruma kwa gharama. Nilimtii, Mbuvi, na kila siku najuta. Nisamehe.

Na mimi nilikukasirikia, afadhali ulisikie kwangu. Nilimwona anapumzika kila baada ya kupiga tezo mara tano, halafu simu inalia, ni wewe na sentimita zako. Siku moja nilitaka kukujibu vibaya. Yeye ndiye aliyenizuia. Zile barua zako za marekebisho nilikuwa nazipeleka kwa cyber ya pale stage zichapishwe, naye aliniomba nimsomee, kisha nimsomee tena, kisha azikunje aziweke kwenye kopo la patasi. Nilidhani anataka kukariri vipimo. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa anangoja nifike chini, pale penye jina lako kamili, Mbuvi Kiilu, kwa sababu Kiilu ni yeye.

Marekebisho ya tatu yaliingia katikati ya Januari. Uliandika kwamba kwenye picha tulizokutumia ndege zimetokeza magurudumu, wakati mchoro unaonyesha ndege ikiwa hewani, magurudumu yamekunjwa ndani, imesimamishwa juu ya kijiti cha chuma. Magurudumu yaondolewe yote.

Ulikuwa sahihi, mchoro ulionyesha hivyo tangu mwanzo. Ila Baba alidhani mchoraji wenu amesahau. Alimhurumia kabisa. Alisema pengine aliharakishwa, hebu tumsaidie. Na Parmuat alimuunga mkono, akaigeuza ndege mkononi kama anayekagua kwato za ng'ombe, akasema, "Sasa hii iko na miguu. Ile ya karatasi itasimama aje?" Kila kitu alichochonga Baba kilisimama chenyewe, ndiyo maana hakuona kosa.

Lakini sababu kubwa ni mahali tunapoishi. Unakumbuka siku uliyoondoka? Tulikuaga, tukarudi hapa nyumbani, tukasimama uani na Baba akaingoja ndege yako ipite mpaka shingo ikamuuma. Haikupita. Zinazoondoka huelekea upande ule mwingine. Huku kwetu hupita zinazokuja kutua, zimeshuka chini na magurudumu yako nje. Miaka kumi na mmoja, kila iliyopita aliinua uso akaitazama mpaka ikapotea nyuma ya majumba. Hakuwahi kuona ndege kubwa isiyo na magurudumu. Hakujua kama zipo.

Nilipomsomea, akasema, "Toa. Mwenye oda ndiye anajua." Mikono yake haikuweza tena kushika msumeno, kwa hiyo nilitoa mimi. Kila ndege ilikuwa na magurudumu mahali patatu, moja chini ya pua na mawili tumboni. Alikaa kwenye kigoda mlangoni, blanketi mabegani, akinielekeza nisiumize tumbo la mbao. Nilikata, nikapitisha tupa, nikamaliza kwa msasa, na vipande vidogo vikajaa kwenye kitambaa cha Mama. Alikuwa amechonga hadi matairi, na kila tairi lilikuwa na mistari yake. Nililia huku nafanya kazi, akajifanya haoni.

Siku ya tatu tulifika ya mwisho, kabla ya jua kuwa kali. Niliponyoosha mkono niichukue, alikuwa ameiweka mapajani na kuifunika kwa viganja vyote viwili.

"Hii acha," akasema. "Hii inakuja."

Sikubishana naye. Tangu siku hiyo alikaa nayo kitandani. Tarehe mbili Februari, asubuhi, Mama alimpelekea uji akamkuta ametulia, na ndege iko kando ya mto. Hayo mengine uliyaona. Tulimzika Isinya, kwenye kile kipande chetu, na simu nilikuwa nimeishika mimi. Sijui kama ulifahamu kwamba mtandao ulipokatika ndipo jeneza lilipokuwa linashuka. Niliita jina lako mara tatu, nikidhani bado uko. Watu walidhani nimechanganyikiwa.

Sikulaumu kwa kutokuja. Nilikulaumu wiki mbili, halafu nikachoka. Najua uliomba ruhusa na najua walivyokujibu. Rebecca aliniambia kwamba ulikaa bafuni saa nzima na kuoga hukuoga.

Hizo kumi na saba ni sawasawa. Nimezipima zote: sentimita sitini na saba, injini mbili, tumbo safi, na tundu la kijiti liko mahali mlipoonyesha. Nta ni mimi na Mama tuliipaka. Ukizigeuza kwenye mwanga utaona chini ya tumbo sehemu tatu ambazo rangi ya mbao imefifia kidogo. Wageni wenu hawatajua ni nini. Wewe utajua. Zile kumi na moja ndefu nimempa Parmuat mbili kwa wajukuu, na nyingine zipo.

Wasalimu watoto, uwaambie shangazi yao bado anaweza kuwashinda kukimbia. Mpe Rebecca asante yangu kwa ile simu ya Jumapili. Mama anasema ule vizuri na usilale na nywele mbichi, kana kwamba una miaka tisa. Parmuat anakusalimu sana. Huja bado kila asubuhi, anakaa kwenye kile kigoda, anauliza kijana atakuja lini, nami namwambia karatasi hazijakamilika. Binamu yetu Kitheka naye anakuombea zikamilike upesi.

Sasa ile ya kumi na nane. Kama wakubwa wako watauliza, waandikie kwamba oda ina upungufu wa moja na fundi hayupo tena. Iko dirishani kwa Baba, imesimama kwa magurudumu yake, pua imeelekea mlangoni. Kila siku Mama huifuta vumbi na kuirudisha vilevile alivyoikuta. Nilifikiria kuifunga pamoja na hizi, nikaitia hata sandukuni, kisha nikaitoa. Hiyo siitumi kwa posta, Mbuvi. Hata ikichukua miaka mingine kumi na mmoja, njoo uichukue mwenyewe.

Mungu akushike mkono huko uliko, na akufungulie njia ya kurudi ungali na mama.

Ni mimi dada yako akupendaye, hata nikiwa na hasira,

Muthoki Kiilu.