Kiapo Chako Pale Mlangoni

Baba mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Najua marahaba yako siisikii tena, lakini mkono wangu haukubali kukuandikia kabla sijakuamkia. Binti yako na wajukuu zako wote hawajambo. Anadhani naandika barua ya kuomba likizo, nami nimemwacha adhani hivyo.

Unakumbuka kadi zilivyoanza? Mashine mbili za chapa zilipotea ofisini, na Bwana Meneja akaamuru kila mtu awe na kadi yenye picha yake. Makarani mkapewa za kijani, matarishi na wafagiaji nyekundu. Mimi nikawekwa ukumbi wa chini, penye mlango mkubwa, niwe nazikagua. Kazi yenyewe wewe ndiye uliyeniombea. Ulinambia, "Mwanangu, bawabu hana rafiki mpaka saa tisa na nusu." Nikaitikia, nikajiona nimepata cheo.

Siku ya kwanza tu Tanga nzima ilinichukia. Watu tuliosali safu moja Ijumaa, leo nawauliza wao ni nani! Karani mmoja wa stoo alinijibu, "Wewe hunijui? Ulikula pilau ya harusi yangu ukaomba na ukoko." Kweli niliomba. Hata hivyo kadi nikaitaka, akaitoa huku ananung'unika mpaka ngazini.

Lakini wewe, baba, ningekuulizaje? Mkwe humkazii macho, wala humzibii njia. Ulipokuwa ukifika na kanzu yako na koti lako jeusi, nilikuwa nainamisha kichwa, nawe unanyoosha mkono wenye kadi, nami nasema, "Karibu baba," huku natazama viatu vyako. Viatu vyako nilivijua kuliko uso wako. Watu wote niliwakagua kama forodha, ila wewe.

Ndipo mama mkwe akaifua kanzu na kadi ikiwa mfukoni. Haya niliyajua baadaye. Picha ilitoka ikabaki doa. Mtu akiharibu kadi hupewa barua ya onyo, na wewe barua moja ulikwisha kuwa nayo, ya siku ile uliyobishana na karani mkuu. Ya pili ilikuwa ni kufukuzwa, nawe umebakiza mwaka mmoja ustaafu. Basi ukachukua jalada la kijani la daftari la shule, ukalikata kwa kipimo cha kadi, ukawa unalinyoosha mbele yangu kila asubuhi.

Ilikuwa asubuhi ya manyunyu ilipokuponyoka kadi hiyo. Ikaanguka miguuni pangu, nami nikainama haraka, maana haifai mkwe akuokotee kitu chini nawe umesimama. Nilipoigeuza sikuona uso wa mtu. Niliona jedwali la kuzidisha, saba mara saba, saba mara nane. Nikakurudishia kwa mikono miwili. Nikasema, "Karibu baba." Ulisimama kidogo, ukasema, "Ahsante, mwanangu," ukapanda ngazi polepole. Hatukulisema tena jambo hilo, si ofisini wala kwako Ngamiani nilipokuja kula.

Sikukuficha kwa ushujaa. Nilikuficha kwa haya, na kwa kumwogopa binti yako. Lakini nilijua. Kila asubuhi baada ya ile nilijua.

Jumamosi ile Meneja alishuka mwenyewe akasimama kando yangu. Nilitamani uwe na homa. Ukaja, koti limefungwa vifungo vyote. Akaichukua kadi mkononi mwako, akaigeuza, akaigeuza tena. Akanigeukia mimi, na Kiswahili chake kile kibovu cha kuamuru: "Wewe najua hii? Jibu!"

Nilifungua mdomo, baba. Sijui ningesema nini, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Wewe ulinitangulia.

"Wallahi, huyu hajui," ukasema. "Huyu mkwe wangu, kwetu mkwe hamtazami mkwewe. Mimi nimeitumia heshima yake kumdanganya. Wallahi, bwana, hajui."

Mara mbili. Wewe uliyekuwa ukitukataza kuapa hata kwa jambo la kweli, uliyemtoa mwanao mezani kwa sababu ya wallahi ya mchezo! Ulimwapia Mungu uwongo mbele ya ofisi nzima ili mimi nibaki na kiti cha bawabu. Nami nikafunga mdomo wangu. Ukafukuzwa papo hapo, ukatoka kwa mlango ule ule, nikaufunga nyuma yako, kwa kuwa ndiyo kazi yangu.

Ukarudi Mwera kwenye minazi yako. Tulipokutembelea ulinichagulia madafu mwenyewe, ukamwambia binti yako, "Mumeo mtu mwaminifu." Nilikunywa dafu lile kwa shida. Mara ngapi nilitaka kusema, nikaona mama mkwe yupo, nikaona watoto wapo, nikaona safari ijayo. Safari iliyofuata tulikuja kuzika.

Nimefunga siku tatu ziwe kafara ya kiapo kile. Maalimu niliyemwuliza alisema kafara ni ya aliyeapa, ila Mungu ni mwingi wa rehema. Sikutulia. Basi leo asubuhi nimeacha mlango kwa tarishi, nikapanda ngazi mpaka kwa Meneja mpya. Nilikuwa tayari kuvua kofia ya kazi na kuiweka mezani. Nikamwambia kila kitu: jalada, jedwali, kiapo. Nikasema, "Mzee yule alisema sikujua. Nilijua."

Akanisikiliza, kalamu mkononi. Kisha akauliza, "Mzee gani?"

Nikakutaja jina lako lote, na la baba yako. Akatikisa kichwa. Hakuna anayekumbuka, akasema, rudi kazini.

Nimerudi, baba. Nimekaa kwenye kiti ulichonibakishia, na sasa najua hapana mtu duniani wa kukivua kiapo kile shingoni mwako. Nisamehe. Na ukiulizwa huko uliko, usiniapie tena. Waambie nilijua.

Mungu akulaze pema.

Mkweo, Salimu