Herufi zako mbili, Papa Barthélemy

Papa Barthélemy Kalunga, mwaka umetimia tangu tulipokusindikiza makaburini, na wiki hii ndiyo tunayokuhitaji kuliko zote.

Tunakumbuka mashati uliyopiga pasi mwenyewe kabla ya kwenda biro, ofisini kwako kwenye reli, hata siku ambazo treni haikuwa na habari ya kufika. Tunakumbuka ulivyokula ndakala, dagaa wetu wa ziwani, kuanzia kichwa. Na miaka yote tangu vita iishe uliwapigia wajane barua kwa mashini yako ya kupiga chapa, bure, wakitafuta habari za waume wao. Tulikuwa tunasema Papa ana huruma kupita kiasi. Kumbe hatukujua.

Baada ya matanga, Gracia, kifungua mimba wako, alifungua sanduku la mashini ili aisafishe. Chini ya kitambaa alikuta karatasi moja nyeusi ya karboni. Aliishika kwenye mwanga wa dirisha, akasoma majina kumi na saba. Ni wale waliopakiwa kwenye boti bandarini, mwaka ule mji ulipokuwa mikononi mwa waasi, wasirudi tena. Mukubwa aliyetawala mji wakati ule alikuwa na haraka, akatia sahihi orodha hiyo kabla hujaitenganisha na karboni, na kalamu yake ikachimba mpaka kwenye karboni. Leo amekamatwa, na anasema hajawahi kuona orodha yoyote. Mahakama inaketi hapa Kalemie Jumanne.

Lakini chini ya sahihi yake kuna herufi mbili ndogo, b.k. Ulizitia kwenye kila ulichopiga, kama ulivyofundishwa shuleni. Ee Papa, mbona hukutuambia? Ulijua ni orodha ya nini, au ulidhani ni ya kazi? Tunaulizana mpaka chakula kinapoa.

Mdogo wako Achille alitaka tuichome karboni hiyo, tusije tukaitwa watoto wa yule aliyeandika orodha. Mwanao Léon alishika mkasi, akate herufi zako tu. Na juzi mtu alipiga simu, hakutaja jina, akatushauri tusitangaze kumbukumbu hii, na tukitangaza tusiweke majina yetu. Tangu hapo mlango ukigongwa, Mama, mke wako, anasimama kwanza kabla ya kuitika.

Tuliona ni vibaya Mama Virginie, mmoja wa wajane uliowaandikia, aisikie mahakamani. Mume wake Bertin ni wa nne kwenye orodha. Tukampelekea. Alisoma kwa kidole, polepole, mpaka chini kabisa. Kisha akaingia chumbani, akarudi na barua zake zote, akatuonyesha: b.k. kwenye kila moja.

"Miaka ishirini alikuwa ananiandikia, na alijua," akasema. "Sijasema nimemusamehe. Lakini musikate kitu. Muipeleke yote, na mimi nitakuja."

Basi tutakwenda, Papa, na tunaogopa sana. Tumekukasirikia, na bado tunakupenda. Misa ya kukuombea ni Jumapili asubuhi.

Wanaokukumbuka, kwa majina yao: mke wako Emérance, watoto wako Gracia na Léon, mdogo wako Achille, aliyechelewa, lakini amekuja mwenyewe kuomba aandikwe. Na Mama Virginie, mjane wa Bertin, aliyesema jina lake likae hapa karibu na yetu.

Hatutakusahau kamwe, wala wale kumi na saba.