Eti Ballerina ni Binti wa Mfalme

Jumapili, Agosti 1997

Na huyo Mama Shiru ajue hakuna mtu anayemwonea wivu. Huyo wifi yangu alihamia Membley, mtaa wa wenye pesa, juzi tu na tayari anaongea kwa mapua.

Leo alikuja kwetu Kimbo kula chakula cha mchana. Shiru wake anafunzwa ballet, na eti "ballerina" ni Kifaransa, maana yake binti wa mfalme. Njeri wangu akauliza kama hata yeye anaweza kuwa.

"Wewe? Na hiyo miguu ya shamba?" Wifi akacheka.

Mtoto akainamisha kichwa. Nikaleta kamusi yangu ya shule, nikawasomea. Neno ni la Kiitaliano, limetoka kwa "ballare", kucheza densi. Ballerina ni mwanamke anayecheza densi, basi. Mfalme alimtoa wapi?

"Kumbe hata mimi ni ballerina," mama mkwe, aliyekuwa mezani nasi, akasema. Akasimama, akatingisha mabega kama kwenye harusi za Mugutha. Njeri akaruka kumfuata bibi yake, "Cucu, ngoja!"

Wifi akabeba mkoba akaenda bila kuaga.

Naogopa Njeri atakumbuka kile kicheko kuliko kamusi.

Mume wangu amenuna, eti nimemwaibisha dadake mbele ya mama yao. Mama yao! Si ndiye aliyekuwa anacheza?