Tiki ya Kunyamaza

Kaloleni, Nairobi

Mama yangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta umeshakamua na chai iko mekoni, usije ukaisoma mbiombio. Hujambo, Mama? Mgongo waonaje? Na yule kuku mtundu wa kutagia kitandani, bado anakusumbua? Mimi ni mzima, vumbi tu la huku linanikohoza.

Kabla sijafika mbali, niseme kinachoniuma. Shangazi Rispa yuko kwangu, alikuja kutibiwa macho kama ujuavyo. Ameniambia kwamba tangu tumzike Baba huimbi tena kanisani. Wewe, uliyekuwa ukianzisha kila wimbo. Anasema unasimama na kitabu kimefunguka, mdomo umefungwa. Na katika barua zako zote huniandikia, "Mimi ni salama." Nimekuwa nikilisoma neno hilo na kupita. Sasa nimeshindwa kupita.

Ngoja nikusimulie jambo la kazini, ndipo utaelewa kwa nini nakuuliza.

Unajua napiga chapa kwenye ofisi ya Bwana Mutua kule Umoja. Amenunua kompyuta yenye spika mbili, kila moja kama nusu mkate. Ukiiwasha inatoa muziki kidogo, na wateja wanapenda sana. Juzi asubuhi nikaiwasha, kimya. Nikadhani ni plagi. Nikachomoa, nikachomeka. Kitaa cha kijani kinawaka, sauti hakuna. Nikazungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Wapi. Nyuma ya mashine kuna matundu matatu yanayofanana kama ndugu wa tumbo moja, nikahamisha waya kutoka hili hadi lile. Kimya vilevile.

Oti ninayefanya naye kazi, mzaliwa wa huku Eastlands, hana subira. Akasema kwa lugha yao ya mtaani, "Hizo spika zimekufa, maze. Tupa."

Nikamwambia hatuziki mtu kabla ya kumpima. Nikazichomeka kwenye redio yangu ya kaseti, na Mama, ziliimba. Kumbe spika zilikuwa nzima kabisa.

Basi shida ilikuwa ndani ya kompyuta. Nikafungua pale penye mambo ya sauti, nikakagua moja moja. Chini kulikuwa na kijisanduku chenye tiki. Nikaiona, nikapita. Nikarudi tena, nikapita tena. Wewe unajua nimekulia nyumba gani: Baba mezani na kalamu nyekundu, madaftari ya darasa la nne yamemzunguka, tiki ni vema, eksi ni kosa. Penye tiki mimi natafuta nini? Nilihangaika na pale pasipo na tiki, siku ikanipotea hivyo.

Jioni Oti, soda mkononi, akanyoosha kidole. "Na hiyo tiki ni ya nini?"

Ndipo nikasoma neno la Kizungu lililokuwa kando yake. Maana yake ni nyamaza.

Nilibaki nimeikodolea macho. Tiki ile haikuwa ikisema mambo ni sawa. Ilikuwa ikisema, ndiyo, nyamaza. Nikaiondoa, nikaiwasha kompyuta upya, muziki ukatoka kwa kishindo hadi Oti akajimwagia soda.

Bwana Mutua aliporudi nikamuuliza ni nani aliyeiweka. Akacheka. "Ni mimi. Nilikuwa naongea kwa simu, nikainyamazisha kidogo. Halafu nikasahau kuitoa."

Nilipofika nyumbani nikamsimulia Shangazi, nikijua atacheka. Hakucheka. Aliweka kikombe chini. Kisha akasema, "Siku ya mazishi mama yako alianza kuimba pale kaburini. Nikamshika mkono. Nikamwambia, wifi, leo wewe unaimbiwa, huimbi. Akanyamaza. Mimi nilimaanisha siku ile tu."

Nikamuuliza kama aliwahi kukwambia kwamba siku ile imekwisha. Akasema, "Nilidhani anajua."

Mama, sikulazimishi kuimba. Kama ni huzuni, kaa nayo mpaka ikuachilie, hata mimi bado nikisikia mtu akikohoa mlangoni nadhani ni Baba. Ila usiniandikie tena "salama" wakati si salama. Niandikie "nimechoka". Niandikie "nyumba imekuwa kubwa". Mimi ni mtoto wako, nitaibeba huzuni hiyo pamoja nawe.

Nisalimie kaka Wafula na mkewe, waambie viatu vya mtoto nitakuja navyo Krismasi. Msalimie jirani yetu Mama Agneta anayekuchotea maji, Mungu ambariki. Mchungaji pia, na akina mama wote wa kwaya.

Shangazi naye anakusalimu. Dawa ya macho haimruhusu kuandika, lakini amesimama hapa nyuma yangu, mkono begani, na ameniamuru niliandike neno lake kama lilivyo:

"Wifi, siku ile ilikwisha. Anzisha."

Mwanao akupendaye,
Nasimiyu