Mstari Mweusi wa Ngoma

Mjukuu wangu Minza,

Marahaba, mama. Huku Buswelu hatujambo, ng'ombe amezaa, na bibi yako anakusalimia sana.

Barua yako imenirusha kitini! Eti huko chuoni mnachanganya mpira kwenye gundi ngumu ili vitu vya kale mnavyounga visipasuke tena, na unauliza kama babu anaelewa. Naelewa sana!

Miaka ile ya tisini, maduka ya Mkuyuni yalipoanza kujaa bidhaa za nje, nilinunua gundi ya tyubu mbili, ile inayokauka ngumu kama jiwe, nikaziba ufa kwenye mti wa ngoma ya ukoo. Siku moja kabla ya mashindano ya ngoma huko Bujora tukaipasha moto kukaza ngozi, kama kawaida. Paa! Ufa ukafunguka upya. Nilitaka kulia.

Bibi yako akasema, "Mti ukipata moto unatanuka, hii gundi yako haikubali hata kidogo." Akavua mguuni katambuga yake ya tairi, akaisugua kisigino kwa tupa. Unga wake mweusi tukauchanganya na gundi iliyobaki, tukaziba ufa upya.

Kesho yake tuliipasha moto, tukaipiga kutwa nzima. Ikashika!

Uje uupapase ule mstari mweusi. Ni kisigino cha bibi yako, na hadi leo ngoma ikilia, yeye hutazama mguu wake akacheka.

Babu yako