Nimelowesha Picha Pekee ya Mama Yake Keji

Mpendwa mshauri, nakuomba unisaidie kabla Jumamosi ya mwisho wa mwezi haijafika, maana mimi mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, mama wa watoto wanne, fundi wa cherehani hapa Koboko mjini, nimefikia mahali pa kupita nyuma ya choo cha soko ili rafiki yangu asinione, na rafiki huyo hajanikosea kitu.

Nianze na rangi, kwa sababu rangi ndizo zilizoniingiza hapa. Mwaka jana nilikuwa nashona mapazia ya ofisi ya mradi mmoja, na mama mmoja mgeni aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao akaniona nimesimama naangalia kibati chake cha rangi za maji, vidonge kumi na viwili vimepangwa safi kama dawa, akaniuliza kama najua kuchora, nikasema hapana, akanipa tu, kibati na brashi mbili na karatasi nne kubwa, nene, zenye mikwaruzo kama ukuta wa udongo, akasema nisiogope. Nami sikuogopa. Kila alasiri wateja wakipungua nilichora kwenye kurasa za madaftari ya watoto, bamia, nyanya, kuku wa jirani, zile karatasi nene nikiziogopa kuzigusa, na ingawa kurasa zilijikunja kama nguo iliyokosa pasi, na mume wangu Andama akaniuliza kama nimerudi shule ya nasari, nilisikia raha ambayo sijaisikia tangu usichana.

Keji peke yake hakucheka. Keji alikimbia vita Yei, Sudan Kusini, sasa anauza bamia kavu na samaki wa kukausha meza ya tatu kutoka kwangu, akiugua mimi nauza meza yake, nikiugua mimi yeye anapokea wateja wangu na kuwadanganya kwamba nguo zao ziko karibu kwisha. Siku moja aliishika nyanya niliyochora kwa ncha za vidole akasema, "Mama Acidri, hii nyanya mutu anaweza kula." Kesho yake akaja na bahasha. Ndani mlikuwa na picha ya mama yake, ndogo kama ya kitambulisho, mama wa makamo amefunga kitambaa kichwani na mdomo ameubana.

"Mama yangu iko hii tu," akaniambia. "Nyumba iliungua na vitu yote. Chora yeye mukubwa, tuweke mezani siku ya maombi."

Mama yake alifariki kule Yei wao wakiwa wameshavuka mpaka, hawakutupa hata konzi ya udongo kaburini, na sasa baada ya miaka yote hii kaka yake Lomoro anakuja kutoka kambi ya wakimbizi ya Omugo pamoja na mama yao mdogo ili wafanye maombi ya kumkumbuka, Jumamosi hiyo ya mwisho wa mwezi. Mshauri, nilijua siwezi kuchora uso wa mtu. Lakini hakuna aliyewahi kuniomba kitu kizito kama kile, nikajisikia mkubwa, nikasema, "Hakuna shida."

Nikatoa karatasi moja nene, nikaweka picha mezani kando yake, na kopo la maji kando ya picha. Nikapaka uso kwa rangi nyeusi na kahawia, ukatoka mweusi kama chungu kilichoungua, nikaongeza nyeupe ili niupunguze, ukawa uji wa majivu, nikaanza kusugua kwa brashi yenye maji mpaka karatasi ikaota manyoya, na kwa hasira nikageuka kuosha brashi, kiwiko changu kikapiga kopo. Maji meusi yote yakaingia kwenye picha. Hapo ndipo nilipofanya ujinga mkubwa kuliko wote, nilichukua kitambaa nikaifuta. Ilikuwa imechapishwa na zile mashine za wino za barabarani. Uso wa mama yake Keji ulihamia kwenye kitambaa changu, na kwenye picha pakabaki kilemba na sikio moja.

Hizi ni wiki tatu. Akiniuliza, nasema iko karibu. Juzi akaniambia, "Nipe hata ile ndogo nione yeye kidogo, usingizi umenionyesha yeye," nikamjibu kwamba nimeifungia sandukuni na ufunguo anao Andama, naye akaniamini, akaniletea samaki mzima, akasema ni wa kumpa mchoraji nguvu. Samaki yule sikuweza kumla. Andama anasema, "Sema panya wamekula, nani atabishana na panya?" na nimekaribia kukubali. Au nimtafute mchora mabango wa Arua amchore mama yeyote aliyefunga kilemba? Au nihamishe cherehani kabisa? Nisaidie, mshauri, mimi sijui tena.

Mama Acidri, Koboko

*

Mama Acidri, waache panya wa watu. Wana makosa yao ya kutosha.

Barua yako imenifikia Jumanne na gazeti linatoka Jumapili. Sitaki Keji ajue habari hii kwa kusoma, kwa hiyo majibu haya nakutumia kwanza wewe peke yako, kwa simu, na utayatekeleza kabla hayajatoka kwingine kokote.

Nakuonea huruma kwa ile ajali. Kila mtu aliyewahi kushika brashi amemwaga kopo, na mimi niliyefundisha sanaa chuo cha ualimu miaka kumi na tisa nimemwaga mengi. Kwa ajali sikulaumu. Kwa siku ya ufunguo nakulaumu sana. Mtu ameomba kumwona mama yake, nawe ukamwambia mama yake yuko sandukuni! Samaki alikushinda kwa haki.

Kesho asubuhi nenda nyumbani kwake, kabla hajatoka kwenda sokoni. Usimwambie mbele ya wateja, hatakuwa na mahali pa kuweka uso. Chukua kile kilichobaki, kilemba na sikio, umpe mkononi. Sema maji yalimwagika, sema uliifuta, sema ulidanganya. Usitangulize machozi ili yeye aanze kukubembeleza wewe. Usimwahidi gauni. Akikufukuza, ondoka. Akikaa kimya, kaa naye. Kisha muulize kama kuna ndugu yeyote mwenye picha nyingine kwenye simu. Pengine yupo, pengine hayupo, lakini hata kuuliza hukuuliza, kwa sababu ulikuwa na shughuli ya kuficha.

Habari ya mchora mabango nisiisikie tena. Unataka watu walie mbele ya mama wa mtu mwingine?

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapo pia una dhambi zako. Wewe unapaka rangi za maji kama mtu anayepaka mlango. Rangi ya mlango inafunika, hii haifuniki. Weupe wote unaoutaka uko kwenye karatasi yenyewe: ile nukta ya mwanga kwenye jicho, ule mng'aro kwenye paji la uso, uviache vikavu tangu mwanzo, kwa sababu ukishavipaka hutavipata tena. Kile kidonge cheupe kitoe kabisa kwenye kibati. Na cheusi pia. Ngozi yetu haina cheusi ndani yake, Mama Acidri, jitazame mkono ukiwa juani. Chukua kahawia yenye wekundu, uizimue kwa maji mengi mpaka iwe kama chai ya rangi, upake uso mzima mara moja, uache. Ikikauka itakuwa imefifia kuliko ulivyodhani, usiogope, ndivyo zilivyo. Kisha unarudi na tabaka la pili mahali penye kivuli tu, na la tatu palipo na kivuli zaidi, na hapo ndipo unapotia bluu kidogo ndani ya kahawia. Kila tabaka lisubiri la kabla yake likauke. Utajuaje? Gusa kwa mgongo wa mkono. Karatasi ikiwa ya baridi, bado ina maji. Wewe ulitia rangi juu ya rangi mbichi, ukapata uji, ukaanza kuusugua.

Maji yawe makopo mawili, moja la kuoshea brashi, moja la kuchukulia maji safi, na yote yakae chini kwenye kigoda, upande wa mkono unaochorea. Mezani hapana! Karatasi ibandike pande zote nne kwenye ubao kwa utepe wa gundi, haitajikunja. Na kabla rangi haijagusa uso, ijaribu kwenye kipande cha pembeni.

Zimekubakia karatasi tatu. Kata kila moja vipande vinne, utapata nafasi kumi na mbili za kukosea. Uso mkubwa hauna haja, ukubwa wa kiganja unatosha, na mtu aliyepotelewa na mama atauona.

Keji akikusamehe, au hata asipokusamehe lakini akikubali kukaa, mweke karibu nawe akuelekeze. Yeye ndiye picha iliyobaki. Ukikosa kabisa, wapelekee watu wa maombi hiki kilichobaki na ukweli wako, usimame mbele yao. Utapona. Watu wa Koboko wamesamehe makubwa kuliko kopo la maji.

Haya, weka simu chini, ukalale mapema.

Mama Pasca, Arua

*

Wasomaji, barua hizi mbili nilizishika mpaka leo. Nazitoa kwa ruhusa ya Mama Acidri na ya Keji, na wote wawili wamesema majina yao yabaki. Hii ya mwisho ilikuja wiki iliyopita.

Mama Pasca mpendwa, nilienda. Nilimkuta Keji anaosha sufuria nyuma ya nyumba, nikampa kile kipande, nikasema yote matatu kama ulivyoniagiza. Alikitazama, akakitia kwenye mfuko wa blauzi, akaendelea kusugua sufuria lile lile ambalo lilikuwa limeshatakata.

"Siku ile ya ufunguo," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Nenda."

Siku nne hakunisalimu, na meza yake ni ya tatu tu kutoka kwangu. Lomoro alipigiwa simu, mama mdogo aliulizwa, hakuna mwenye picha nyingine. Mimi nikawa nachora yai, yai tupu, kwa kahawia na bluu, kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ubaoni, makopo yangu mawili chini, maana sikujua kitu kingine cha kufanya na mikono. Siku ya tano, saa tisa alasiri, akaja na kigoda chake, akakaa kando yangu bila salamu.

"Mama yangu alikuwa na pengo hapa," akasema, akagusa jino lake la mbele. "Kwenye picha hukuona. Mutu wa picha alimwambia usicheke, ni ya serikali."

Nikachukua penseli. Akaniambia shavu liliingia ndani upande mmoja tangu ujana. Akaniambia kuna kovu dogo kwenye nyusi, alipigwa na tawi la mwembe akitafuta kuni, na nyusi moja ilisimama juu kuliko nyingine kana kwamba hakuamini unachosema. Mambo hayo nisingeyaona kwenye ile picha hata ningeitazama mwaka mzima. Kila alasiri alikuja. Kipande cha kwanza mpaka cha nne aliangalia akatikisa kichwa tu. Cha sita alikasirika, akasema, "Huyu iko mama ya nani?" akaenda zake, na kesho yake akarudi. Baadaye akawa ndiye anayegusa karatasi kwa mgongo wa mkono, mimi nikitaka kuharakisha ananizuia, "Bado. Iko baridi." Wateja walisimama kuangalia, Andama naye akaja kuangalia, na habari ya nasari hajaitaja tena.

Cha kumi na moja, nilipoweka kivuli chini ya mdomo uliofunguka, Keji akashika mkono wangu. Kisha akasema, "Pua si yake. Lakini wacha, usiguse." Nikaweka brashi chini. Alilia, nami nikalia, na bado hajanirudia kama zamani, Mama Pasca, nisikudanganye na wewe. Kuna siku ananiita, kuna siku anapita. Lakini siku ya maombi alinitumia mtu, akasema nije nikae ndani, pamoja na watu wa nyumbani.

Lomoro aliichukua picha mezani, akaipeleka mlangoni penye mwanga. Ni mwanaume mrefu, hasemi sana. Akasema, "Hii iko mama anasikia umbea," na chumba kizima kikacheka, hata katekista. Akanipa mkono.

Mama yao mdogo haoni vizuri. Waliposema amina ya mwisho na chai ikaanza kugawiwa, aliomba asogezwe mpaka kwenye meza. Akaishika picha karibu kabisa na macho, akaigeuza kidogo, akaisalimu kwa Kikakwa, lugha ya kwao, akangoja. Kisha akavuta kiti, akakaa, akaanza kumpa dada yake habari za Omugo: nani ameolewa, nani amezaa mapacha, mvua imekujaje mwaka huu. Chai yake ilipoa. Hakuna aliyemkatiza.