Siku Mbili Kwenye Usukani wa Basi Lisilokwenda

Jumanne, Kanyosha. Mvua imetuachia tangu alfajiri, jua limetoka bila nguvu, na uani kwetu matope bado yanavuta viatu miguuni. Macho yamejaa usingizi, mgongo unauma, na nina furaha ambayo nashindwa kuificha. Wacha niandike kabla sijalala.

Naanza na kukiri. Mimi ni mwalimu wa fizikia. Miaka kumi na moja nasimama mbele ya ubao nikieleza betri zilizounganishwa kwa mfululizo na zile zilizounganishwa sambamba. Nachora, nafuta, nachora tena, nampa sifuri asiyeelewa. Ijumaa iliyopita, uani kwangu mwenyewe, niliyasahau yote kwa dakika moja.

Lakini kwanza basi lenyewe.

Mke wangu Zaituni ni fundi umeme wa magari huko Buyenzi. Alikulia kwenye garaji ya baba yake, Mungu amrehemu, na garaji hiyo leo ni yake. Mwishoni mwa mwaka jana mteja wake mmoja alichoshwa na basi lake: mazutu, yaani dizeli, haipatikani, injini imekwisha, akataka kulitupa kama chuma chakavu. Zaituni akaja nyumbani anang'aa macho. Alitaka kulileta uani, aweke paneli za jua juu ya paa lake na betri ndani, ili dhoruba ikituzimia umeme, sisi tuwe na wetu. Alieleza, akaeleza. Mimi nilikuwa nasahihisha mitihani. Mwisho nikachoka, nikapiga meza: "Basi!"

Nilimaanisha yatosha. Yeye alisikia alichotaka kusikia. Wiki iliyofuata likaja, linavutwa na lori kwa mnyororo, mtaa mzima umetoka kutazama.

Niliona haya, sifichi. Wenzangu shuleni walianza kuniuliza basi linaondoka saa ngapi, na kama limebaki na nafasi dirishani. Nilicheka nao huku roho inaniuma. Miezi mitatu sikukanyaga ngazi yake. Wageni wakija niliwakalisha upande wa pili wa nyumba, kana kwamba basi la viti ishirini na tano ni kitu cha kufichika.

Zaituni hakunijali. Alikuwa anarudi kazini, anafunga kilemba, anaingia ndani ya basi lake. Aling'oa viti akabakiza sita. Paneli nne juu, betri nne nyuma kabisa, mahali pa kile kiti kirefu. Utepe wa kutofautisha nyaya ulipomwishia, alichana kitenge chake cha zamani akafunga vipande: maua mekundu ni taa, maua ya bluu ni soketi. Kitenge kile nilimnunulia mimi. Nilinuna siku mbili, na leo nikitazama zile nyaya naona hakuna mahali pazuri zaidi kingeweza kwenda.

Sasa mayai.

Mama mkwe wangu, ambaye mtaa wote wa Buyenzi wanamwita Mama Zaituni, alikuwa anafuga kuku weusi wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni. Mbegu hiyo aliachiwa na mama yake. Mwezi uliopita kideri, ule ugonjwa wa kuku, kilipita, kikafagia banda zima. Yalibaki mayai thelathini na nane. Na mimi, kwa mdomo wangu, nina mashine ya kuangulia mayai: sanduku la mbao nililochongesha hapa Kanyosha, balbu ndani, kipimajoto, na kifaa kinachoiwasha na kuizima chenyewe. Wasomaji wa zamani wa ukurasa huu mnajua nilivyojisifu nayo.

Mama alikuja mwenyewe na kapu, mayai yamelazwa kwenye pamba. Akanipa kwa mikono miwili. "Mwanangu, hii ndiyo yote imebaki."

Nikamjibu: "Mama, ondoa shaka."

Muelewe, mama huyu hakunitaka. Alitaka binti yake aolewe na mtu wa mikono, si mtu wa chaki. Hajawahi kunitamkia neno baya, heshima zote ananipa, lakini mkwe anajua. Mayai yale yalikuwa mara ya kwanza ananikabidhi kitu.

Ijumaa ilikuwa siku ya kumi na saba ndani ya mashine. Nimetoka kuswali, wingu limeshuka toka milimani, jeusi kama sufuria. Upepo ukaondoka na bati la jirani. Radi moja, na umeme ukakatika.

Nilijiambia sawa, basi lipo. Nikavua viatu, nikapanda ngazi zake kwa mara ya kwanza. Nikakuta nafasi tupu. Onduleri ya Zaituni, kile chombo kinachogeuza umeme wa betri kuwa umeme wa nyumbani, haikuwepo. Nikakumbuka: asubuhi aliibeba kwenda nayo garaji kuitengeneza, feni yake inakwama.

Hapo mtu mwenye akili anapiga simu. Mimi sikupiga. Nilikuwa na onduleri yangu ndogo, nilinunua zamani kwa ajili ya gari nisilowahi kulipata. Nikataka Zaituni akirudi akute mume wake ameshamaliza kazi. Nikaileta, nikashika nyaya mbili nene, nyekundu na nyeusi, nikafunga.

Pwaa!

Cheche, moshi, na harufu ya plastiki inayoungua. Nilikaa kwenye sakafu ya basi nikiwa nimeishika kama mtu ameshika samaki aliyeoza, na somo langu la miaka kumi na moja likanirudia lote kwa mpigo. Gari dogo ni volti kumi na mbili. Basi ni ishirini na nne, betri mbili mbili kwa mfululizo. Ningeshika betri moja tu, peke yake, mambo yangekuwa shwari.

Yarabi, mimi.

Nikakimbilia mayai. Digrii thelathini na tano, na yanataka thelathini na saba na nusu. Nikafunika sanduku kwa blanketi. Thelathini na nne na nusu. Nilisimama pale nikilia, ndiyo, mwanamume mzima. Si kwa sababu ya onduleri. Nilikuwa namwona yule mama na mikono yake miwili.

Zaituni alifika kwa miguu. Barabara ilikuwa imejaa maji, ametembea toka Buyenzi, viatu mkononi, gauni limelowa mpaka kiunoni. Aliingia, akanusa hewa mara moja. Nikaanza kujieleza. Akanyanyua kidole.

"Acha kwanza. Mayai iko joto ngapi?"

"Thelathini na nne."

"Inatosha. Tulete sanduku kwenye basi."

Hivyo tu. Hakusema nilikwambia. Hakuuliza nani alikutuma. Nimeoa miaka tisa na nilikuwa nimeshaandaa majibu ya maswali yote, akaninyima hata moja.

Tukabeba sanduku wawili chini ya mvua, turubai juu, hatua kwa hatua kama watu wamebeba jeneza. Ndani ya basi akashika bisibisi, akapanda juu ya kiti, akaanza kufungua taa za darini, zile zinazowaangazia abiria. Nikamwuliza anafanya nini.

"Taa hizi zinataka volti ngapi, Mwalimu?"

"Ishirini na nne," nikasema kwa sauti ndogo.

"Na betri inatoa ngapi?"

Nilikuwa nimeshaelewa, na nilitaka kumbusu. Yai halitaki onduleri. Yai linataka joto. Taa za basi ni za umeme wa basi, na taa zile za zamani zinatoa joto kuliko mwanga. Akazitoa nne, akazipanga ndani ya sanduku, akafuata waya wenye kitenge chekundu, akaukata, akaunga, akafunga. Hakutumia kipimo, alitumia kitaa kidogo cha kupimia alichoachiwa na baba yake. Robo saa, labda na kidogo. Nilihesabu pumzi zangu.

Likabaki tatizo moja. Kifaa cha kuwasha na kuzima joto chenyewe kinataka umeme wa nyumbani. Bila hicho, taa zikiwaka moja kwa moja zitachemsha mayai.

"Kwani basi halina swichi ya taa?" akasema. "Iko mbele. Nenda ukae kwenye usukani."

Nikakaa. Kiti cha dereva cha basi nililolionea haya, miguu wazi, usukani tumboni. Zaituni akachuchumaa nyuma kando ya sanduku na kipimajoto.

"Washa!"

Nawasha.

"Thelathini na sita... na saba... na saba na nusu. Zima!"

Nazima. Na tena, na tena. Jioni jirani yetu, mama mmoja anayeuza ndagala, vile visamaki vya ziwani, alipanda kuja kuchaji simu, kama majirani walivyozoea umeme ukikatika. Akanikuta nimekaa wima pale mbele, mkono kwenye swichi, naitazama mvua kwenye kioo.

"Mwalimu, tunaenda wapi?"

"Buyenzi. Panda, mama, kiti kipo."

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaambiwa habari ya mayai, akaacha kucheka, akaenda zake bila kuchaji chochote. Asubuhi majirani wote wenye simu walikuwa wameshajua: wiki hii umeme wa basi ni wa kuku wa Mama Zaituni. Hakuna aliyenung'unika.

Tulipokezana hivyo toka Ijumaa mpaka Jumapili alasiri. Anayetoka zamu anakwenda nyuma, anasoma kipimo kwa sauti. Anayechoka anaimbiwa. Wingu lilipopungua Jumamosi, paneli zikaanza kurudisha kidogo kidogo kile tulichokula. Zaituni alikuwa akipita kando ya betri anaziwekea mkono, kama mama anayempima mtoto homa, anasema "zinakwenda," na mimi naamini. Vitabu vyangu vinasema umeme hauonekani. Mke wangu anauona.

Miaka tisa nimelala kando ya huyu mwanamke na nilifikiri namfahamu. Nilijua ana bidii. Sikujua ana utulivu wa namna ile. Mimi nikikosea nataka kwanza kosa lihukumiwe, lijulikane ni la nani, na kama si langu nafurahi. Yeye kosa anaona ni kitu kimelala njiani, anakiondoa, anapita.

Jumapili umeme ulirudi. Nilitaka kurudisha sanduku nyumbani, akakataa, siku zile za mwisho mayai hayasumbuliwi. Akavuta waya mrefu kutoka sebuleni mpaka ndani ya basi, akawasha mashine palepale.

Na leo asubuhi Mama Zaituni amekuja.

Alipanda ngazi za basi polepole, akaketi kwenye kiti cha abiria, mtandio vizuri kichwani, kana kwamba anakwenda safari ya heshima. Ndani ya sanduku vifaranga kumi na vinne vilikuwa vimeshatoka, vimelowa, vyeusi, shingo tupu, vibaya vya kupendeza. Yai lingine lilikuwa linapasuka mbele yake. Mama akaziba mdomo kwa mkono.

Zaituni akasema: "Mama, ni Mwalimu. Siku mbili alikaa zamu kwenye usukani, hakushuka kwenye basi."

Ni kweli. Si uongo hata kidogo. Lakini nilijua alichokuwa anafanya. Alikuwa ananisitiri. Amechukua kosa langu, amelifunika kwa shuka, na juu yake ametandika sifa. Mama akanigeukia, akanitazama namna ambayo hajawahi kunitazama, na nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu.

Sikuweza. "Mama," nikasema, "onduleri ni mimi nilichoma. Mayai yalikaribia kufa kwa sababu yangu. Zaituni ndiye ameyaokoa."

Mama akashusha mkono mdomoni.

"Mwanangu," akasema Mama, "mi nilijua toka Ijumaa. Huyu Zaituni alinipigia yuko njiani, jirani amemwambia moshi unatoka kwenye basi na we unakimbia na blanketi. Ananiuliza, mayai inaweza kungoja saa ngapi bila joto? Nikamwambia kuku naye anatoka kwenda kula, mayai inapoa, anarudi anakalia. Asikimbie, asianguke kwenye maji."

"Mbona hamkuniambia? Nimekaa siku zote hizi..."

"Na aibu yote ile kichwani, ungesoma kipimo namna gani?"

Nilikuwa nadhani nimekuja na ukweli wangu mkononi kama zawadi, kumbe wanawake wawili walikuwa nao siku nne, wameukalia, ili mimi nifanye kazi.

Vimefika ishirini na sita. Mengine hayatapasuka tena, nadhani. Nilipouliza Mama avibebe kwa kitu gani kurudi navyo Buyenzi, alitikisa kichwa.

"Apana. Kwangu kideri iko bado. Hawa wanabaki kwako."

Kwako. Hakusema kwenu. Kisha akashuka ngazi, akatoa kandambili zake kwenye matope, akaenda.

Jumamosi hakuna shule. Nimemwomba Zaituni anipeleke garaji, nikae kwenye benchi pamoja na wanafunzi wake, nianze mwanzo kabisa. Amekubali kwa sharti moja: pale kazini yeye si mke wangu, nimwite shefu, yaani mkubwa wa kazi, kama wanavyomwita wengine.

Nimeanza leo. Nimesema, "Ndiyo, shefu," na amegeuza uso upande wa dirisha ili nisimwone anavyotabasamu.